Kaa Wako Niliowatia Formoli

Mdogo wangu Anifa,

Leo nimezitoa tena chupa zako. Nimezifuta vumbi moja moja na kuzipanga mezani karibu na dirisha, na kaa wako wamenitazama kwa yale macho yao ya vijiti kama walivyonitazama miaka yote hii. Hawajaoza. Rangi imewatoka, lakini gamba ni zima na magando yameshika. Kila mgeni aliyewahi kuingia nyumba hii amenisifu kwa ajili yao. "Muzee, kweli ulichunga mali ya mudogo wako." Nami nilikuwa nakohoa kidogo na kuinamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa, huku nikizimeza sifa zote. Sasa zimenikaa kooni, na wa kwanza kuambiwa sababu ni wewe. Naiandika barua hii wazi ili na hao walionisifu waisome.

Nianze pale tulipokuwa bado tunacheka. Unakumbuka mji wetu wa Kindu ulipofungwa na vita. Treni ilisimama, ndege zilizotua hazikuwa za watu kama sisi, na wenye baiskeli waliokuwa wakileta mchele na mafuta ya mawese kutoka vijijini waliogopa njia. Mimi nilikuwa najifunza uuguzi, navuka mto kwa pirogi kwenda hospitali ya ng'ambo. Wewe masomo yako ya biolojia yalikatika kabla hayajakolea. Mwalimu wako alikimbilia Kisangani, akakuachia kitabu chenye picha za kaa wa bahari, bahari ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeiona. Alikuachia pia neno kwamba kaa wa vijito vyetu karibu hakuna aliyewahi kuwaandika. Mtu mwingine angefungia karanga kwa karatasi za kitabu kile. Wewe ulifunga kitenge kiunoni ukaingia majini.

Nilikutania sana. Nilikukuta siku moja unatoka kijitoni na ndoo, matope mpaka magotini, nikasimama njiani kama askari wa kizuizi.

"Anifa, watu wote wanatafuta chumvi, wewe unatafuta kaa?"

"Chumvi iko na watu ya kuitafuta, Yaya. Hawa kaa, nani atawatafuta?"

Yaya. Wa pwani wakisoma hapa watadhani nilikuwa mlezi wa watoto, lakini kwetu ndilo jina la kila aliyekutangulia tumboni, awe mwanamume au mwanamke. Hakuna anayeniita hivyo tena.

Baadaye nikawa nakusindikiza, kwa maana njia za Alunguli, upande wetu wa mto, hazikuwa njia za msichana kutembea peke yake. Ulinifundisha kuinua jiwe kwa upande ambao maji yanashukia, ili matope yaende zake na kaa abaki wazi. Ulinifundisha kumshika kwa nyuma. Sikusikia, nikabanwa kidole, ukacheka mpaka ukakaa majini. Tulipata wakubwa wa rangi ya udongo, wale ambao kila mtu anawajua na wengine wanawala. Halafu kwenye chemchemi iliyo juu ya pale akina mama walipolowekea mihogo, ukampata yule mdogo. Hakuzidi ukucha wa dole gumba, na magando yake yalikuwa ya zambarau kana kwamba amechovya mikono kwenye wino. Ulimweka kiganjani ukanyamaza. Wewe uliyekuwa unaongea hata usingizini, ulinyamaza.

"Huyu haiko mu kitabu," ulisema mwishowe. "Iko wetu. Nitamutafutia jina."

Tangu hapo sikukutania tena kuhusu kaa. Niliona kwamba katika mji ule ambao kila mtu alikuwa anahesabu alichopoteza, wewe ulikuwa umepata kitu.

Shida ilikuwa kuwahifadhi. Mwalimu wako alikuwa amesisitiza alkoholi, tena kali. Hospitalini kwetu alkoholi ilikwisha zamani, vidonda tulikuwa tunaviosha kwa maji ya chumvi. Wewe hukukwama. Ulikwenda kwa Mama Sifa, karibu na kivuko, aliyekuwa anapika lotoko ya mahindi na mihogo kwenye pipa lake la bomba refu. Ulimwomba yale matone ya kwanza, yanayounguza midomo. Alikuwashia kiberiti mbele yako uone moto wa bluu. Kabla hajakupa nyingi mlijaribu kwanza na kaa mmoja, wa wale wakubwa wa kawaida, mkamwacha kwake ndani ya chupa ili kuona kama atanuka. Hakunuka. Ukarudi nyumbani na chupa zako umezifunika kwa kanga.

Nyumba yetu, Anifa, ilikuwa nyumba ya mwadhini. Baba aliisikia harufu kabla hujavua viatu.

"Nyumba yangu haiingii pombe," alisema. Alikuwa hapandishi sauti, ndiyo maana tulimwogopa.

"Baba, hakuna muntu ataikunywa. Ni ya kaa."

"Na malaika watajua namna gani kama ni ya kaa?"

Ulinitazama mimi. Ulitegemea nitacheka, kisha nitakutetea, kama ilivyokuwa desturi. Badala yake nilitoa hotuba. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevaa koti langu jeupe la uuguzi, na nilikuwa na umri wa kijana anayeamini kwamba aliyoyaona juzi ndiyo elimu yote. Nikasema Baba ana haki. Nikasema iko dawa safi, isiyo haramu, ambayo hospitali inatumia kwa maiti wanaosubiri jamaa zao: formoli. "Formol inachunga muntu muzima," nilikuambia, "itashindwa kaa?"

Ulisita. Nakiona bado kile kisigino chako kinachora mchanga. Ulisema mwalimu alitaja alkoholi na si kitu kingine, hujui ni kwa nini lakini lazima alikuwa na sababu yake. Nikakujibu, "Mwalimu wako iko Kisangani. Vita iko hapa." Ukaomba basi tuwaache wachache kwenye lotoko, nje kabisa ya uzio, hata juu ya mti. Nilikataa. Nilizishika chupa mimi mwenyewe nikazimwaga nyuma ya choo, Baba akiwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu vita vianze. Kesho yake nilivuka na dumu la formoli nililopewa na mkubwa wangu wa kazi. Tuliwatia pamoja, machozi yanatutiririka kwa ule ukali, na wewe ukaniambia asante.

Hiyo asante ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Ungegoma, ungenuna, ningekuwa na mahali pa kuegemea.

Milio ya bunduki ilipokaribia Alunguli, ulikwenda na shangazi upande wa mji mdogo wa Kama, kwa miguu. Mimi nilibaki kwa sababu ya wagonjwa. Ulikuwa umebeba sufuria kichwani, na neno lako la mwisho kwangu halikuhusu mimi. "Yaya, unichungie kaa wangu. Nikirudia, nitawaandika majina." Ulishikwa na homa huko huko na ukazikwa huko huko, na habari ilinifikia kwa kinywa cha mfanyabiashara wa baiskeli wakati udongo wako ulishakauka. Nikakaa matanga bila maiti. Watu walikuja. Mama Sifa naye alikuja, na unga wa mihogo kwenye beseni. Nilipokea beseni mlangoni, sikumwambia aingie. Nilijisemea ni harufu ya pipa lake, itawaudhi wazee. Alisimama kidogo, akanipa pole, akaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nazunguka njia ya nyuma nisipite kwake, na kila mara niliposikia vijana wakiambiana "twende kwa Kaa", nilidhani wanapaita kwake hivyo kwa sababu wanarudi wakitembea upande.

Nikawachunga kaa wako. Baba alipofariki niliwachunga. Nilipooa, mke wangu aliwakuta mezani akawazoea. Formoli ilipopungua niliongeza. Sikuwa na kaburi lako la kupalilia, kwa hiyo nilikuwa na chupa.

Mwaka huu alikuja msichana mmoja kutoka Kisangani, jina lake Furaha, anasoma mambo ya kaa. Ungempenda, Anifa. Naye hanyamazi. Aliambiwa hospitalini kwamba kuna muuguzi mstaafu wa Alunguli mwenye kaa wa wakati wa vita. Alipoziona chupa aliziba mdomo kwa mkono. Alinieleza kazi yake akiwa amechuchumaa mbele ya meza. Wanakata kipande cha mguu, kidogo kama punje ya mchele, wanatoa ndani yake vinasaba, wenyewe wanasema ADN, kisha wanasoma sehemu moja fupi ambayo kila aina ya mnyama ana ya kwake. Wanailinganisha na zile zilizokwisha kusomwa duniani kote. Ni kama ile mistari ya pakiti ya sabuni, mashine ya dukani ikiipita inajua ni sabuni gani. Alisema kaa wa bahari wamesomwa wengi mno, wa mito yetu ni wachache, na wa Kindu hakupata hata mmoja.

"Na akisomwa, atapata jina?" nilimuuliza.

"Kama ni mupya, ndiyo, Muzee. Na jina ya yule mwenye alimukamata itaandikwa pembeni."

Nilitaka kulia. Nilimwonyesha yule wa zambarau, ingawa zambarau yenyewe ilikwisha, amekuwa wa rangi ya chai. Nilimwambia, huyu hakuwa kwenye kitabu. Akakata mguu wake mmoja kwa makasi madogo, taratibu, akaomba radhi kwa kaa. Nami nikakuambia kimoyomoyo kwamba kazi yako imefika.

Furaha alirudi na majibu kwa pikipiki, na nilijua si mazuri kwa namna alivyochelewa kuvua kofia.

"Muzee, hawakusema kitu. Hata mumoja."

"Labda mulikata kidogo."

"Hapana. Ni ile formol." Alitafuta maneno, mtoto wa watu, asiniumize. "Formol inachunga mwili muzuri sana. Lakini vinasaba inavifunga na kuvivunja. Ukitafuta kusoma, unakuta hakuna kitu cha kusoma."

"Ningewatia nini?"

"Alkoholi."

"Haikuwako. Ilikuwa vita."

"Najua, Muzee. Wakati ile, hata lotoko ya nguvu ingesaidia."

Hakujua alichosema. Alikuwa ananifariji. Nilikwenda nyuma ya nyumba, pale pale nyuma ya choo, nikasimama mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama nimeugua. Ulikuwa na dawa yenyewe mkononi, Anifa. Uliipata kwa akili yako, vitani, bila pesa, bila mwalimu, na mimi nikaimwaga chini na kuchekelea. Kisha nimekaa miaka yote hii nikiongeza formoli na kupokea pongezi, kumbe kila nilipoongeza nilikuwa nawaziba midomo zaidi. Wewe uliniachia kaa wapate majina, mimi nikakuchungia magamba.

Furaha aliuliza kama hakuna hata mmoja aliyebaki nje ya formoli. Nikasema hakuna. Basi twende mtoni, alisema, tumtafute mwingine. Nilimpeleka kwenye chemchemi yako. Haipo tena, mdogo wangu. Wafyatua matofali wamechimba udongo kilima kizima, maji yamekuwa dimbwi jekundu, na juu ya pale tulipokaa ukinicheka pamejengwa nyumba ya bati jipya. Tuliinua mawe yaliyosalia. Nilimwonyesha kuinua kwa upande wa chini kama ulivyonifundisha. Hatukukuta kitu.

Wakati wa kurudi mvua ilitukamata karibu na kivuko, na paa la karibu lilikuwa la Mama Sifa. Nilitaka tulowane. Furaha hakunisikiliza, alikwisha kukimbilia ndani. Nikaingia, mimi na kofia yangu ya sala, walevi wakanisogezea kiti kwa heshima, jambo lililoniaibisha zaidi. Mama Sifa amezeeka, amejikunja, lakini pipa ni lile lile. Na juu ya rafu, nyuma ya vikombe, palikuwa na chupa ya kioo, na ndani yake kaa.

Nilijua kabla hajasema. Alikuwa yule mkubwa wa kawaida, mliyemtumia kujaribu, nami nikamsahau. Mama Sifa hakumtupa. Alimfanya tangazo la duka lake: mteja akitilia shaka ukali wa lotoko, anaonyeshwa kaa ambaye haozi. Kila alipopika upya alimwongezea yale matone ya kwanza. Ndiyo maana watu wakasema kwa Kaa.

"Huyu njo ya yule mutoto," alimwambia Furaha, bila kunitazama. "Alikuwa rafiki yangu. Aliniambiaka nimuchungie mpaka atakuja kumubeba. Nilingojea."

Nilisema, "Mama, siku ya matanga..."

"Mvua itaisha," alisema. "Kunywa chai kwanza."

Nilikunywa chai, katika nyumba ya lotoko, na ilikuwa chai tamu. Furaha alikata kipande chake. Yule kaa amesomeka, Anifa. Herufi zake zimetoka, si zote, lakini za kutosha. Si mpya, ana jina tangu zamani, ila ni wa kwanza kusomwa kutoka Kindu, na pembeni pameandikwa jina lako kuwa ndiwe uliyemkamata. Furaha alinionyesha kwenye simu. Nilisoma jina lako mara nyingi mpaka simu ikazima.

Ningependa kumalizia hapo. Watu wa msikitini niliowasimulia wanamalizia hapo, wanasema Mungu ni mwema, na kweli ni mwema. Lakini wewe hukunyamaza kwa ajili ya yule wa kawaida. Ulinyamaza kwa ajili ya mdogo. Na huyo yuko peke yake, kwenye chupa yangu, mzima kabisa, na hakuna mashine itakayomsoma. Kama alikuwa akiishi chemchemi ile tu, basi ndugu zake wamekuwa matofali, na wa mwisho ni huyu niliyemfunga kwa mkono wangu. Furaha anasema umbo lake bado ni ushahidi, nisimtupe, siku moja akipatikana mwenzake watalinganishwa. Ananihurumia. Nimekubali kuhurumiwa, lakini wewe sitaki unihurumie. Nataka ujue tu.

Kwa hiyo sasa ninamtafuta. Magoti yananigomea, lakini nakwenda, kijito baada ya kijito, mpaka kule ambako mashamba yanaishia. Nainua jiwe kwa upande wa chini. Watoto wananiita muzee wa kaa. Furaha aliniachia alkoholi safi ya maabara, ila ilikwisha, na mzigo mwingine haujapata ndege. Basi Ijumaa iliyopita, nilipotoka sala, nilipita njia ya mbele badala ya ile ya nyuma. Nilikuwa na kanzu na kofia, mchana kweupe, na nusu ya waumini walikuwa nyuma yangu. Nikaingia kwa Mama Sifa na chupa yangu tupu. Alinitazama sana.

"Unataka ya kukunywa ao ya kaa?"

"Ya Anifa," nilimwambia.

Aliwasha kiberiti, akanionyesha moto wa bluu, akaniwekea matone ya kwanza. Nimeibeba mpaka nyumbani. Imo ndani ya nyumba ya Baba wakati ninapoandika, kwenye rafu ile ile aliyokuwa akiwekea msahafu wake, na mlango uko wazi. Kama yuko karibu nawe huko, mwambie kwamba safari hii sitaimwaga.

Lala salama, mdogo wangu. Nikimpata nitakuja mwenyewe mpaka huko Kama kukuambia jina lake. Nisipompata nitakuja vilevile, na hapo sitakuwa na chupa ya kujificha nyuma yake.

Yaya wako